Uwakili Usiokatika

Mzee anapohamia nyumba ya wazee, watoto huulizana kwanza nani atakuwa anakwenda kumwangalia. Swali la pili huja baadaye, tena kwa sauti ya chini: nani atashika pesa zake? England na Wales zina hati maalumu ya kisheria kwa ajili ya swali hilo. Familia za Waswahili walioko huko, wakiwamo waliohama Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, zinaihitaji sana sasa, na bado hatujakubaliana tuiite nini.

Tafsiri moja ya jina lake la Kiingereza nisingependa kuisikia tena: “nguvu ya mwanasheria”. Mama akiambiwa asaini karatasi ya nguvu ya mwanasheria, ataona mbele yake mafaili, ada na mahakama. Kumbe anayepewa madaraka katika hati hii si lazima awe mwanasheria. Anaweza kuwa binti, mpwa au jirani, mradi awe ametimiza miaka 18 na mzee awe anamwamini. Na kwa upande wa fedha, asiwe mtu aliyefilisika kisheria. Neno uwakili linatufaa, kwa sababu kabla ya kumfikiria mtu wa joho, Waswahili walimjua wakili kama yule uliyemkabidhi jambo lako alifanye kwa niaba yako, na kwenye ndoa maana hiyo ingali hai. Anayepewa tumwite mwakilishi, asije akachanganywa na huyo wa joho.

Uzito uko kwenye sehemu ya pili ya jina ninalolipendekeza, “usiokatika”. Uwakili wa kawaida hukatika pale aliyeutoa anapopoteza akili. Ndivyo isemavyo Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyofuata kwa karibu ile ya India ya 1872; ndivyo wasemavyo mafakihi wa Kiislamu; na ndivyo yalivyokuwa mapokeo ya sheria ya Uingereza. Mantiki yake inaeleweka: mwakilishi anatumia idhini ya mwenye mali, na asiye na akili timamu hawezi kuendelea kuidhinisha. Lakini tazama matokeo yake kwa mzee. Karatasi aliyoiandika akiwa mzima, ili mwanawe amchukulie pesa benki, inakufa siku ile ile dimensia inapomfanya aihitaji kuliko wakati wowote.

Waingereza waliziba pengo hilo kwa sheria ya 1985, kisha wakaja na Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya 2005, iliyoanza kutumika Oktoba 2007 na kuleta hati ya sasa. Wanaoiita “uwakili wa kudumu” hawajakosea, ila nimeona jinsi neno hilo linavyowatisha wazee. “Wa kudumu? Ndiyo kusema, mwanangu, pesa yangu sitaigusa tena?” La, Mama. Utaigusa, na ukibadili nia ungali unajifahamu, unaweza kuifuta hati. Kinachodumu ni idhini, hata maradhi yakija. Ndiyo maana mimi nasema uwakili usiokatika.

Vivyo hivyo, tusiseme mzee “hana akili”. Sheria yenyewe haisemi hivyo. Inauliza kama, kwa uamuzi huu, kwa wakati huu, anaweza kuelewa maelezo, kuyashika, kuyapima na kuonyesha amechagua nini. Huo ni uwezo wa kuamua. Mtu anaweza kushindwa kuuza nyumba na bado akajua vizuri anataka kumpa mjukuu zawadi ya sikukuu. Na uamuzi usio wa busara, peke yake, si ushahidi kwamba uwezo umekwisha.

Hati ziko mbili, moja ya mali na fedha, nyingine ya afya na matunzo. Hiyo ya fedha inaweza kutumika hata mzee akiwa timamu, akiridhia. Ya afya husubiri mpaka ashindwe kuamua. Katika kusaini, mpangilio ni sheria: kwanza mzee mbele ya shahidi, kisha mthibitishaji, ndipo wawakilishi. Tarehe zikipishana, hati inaweza kurudishwa. Mthibitishaji huwa daktari au mtaalamu mwingine, au mtu asiye wa familia aliyemjua mzee vizuri kwa miaka miwili au zaidi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mzee ameelewa na hakushurutishwa. Ikiwa Mama anazungumza Kiswahili tu, mkalimani asiwe yule anayekabidhiwa mali. Baada ya hapo hati husajiliwa, kazi ya wiki kadhaa, na kabla ya kusajiliwa haifanyi kazi.

Msichelewe, kwa sababu uwezo ukishaondoka mzee hawezi tena kuitoa. Watoto watalazimika kwenda Mahakama ya Ulinzi kuomba mmoja wao ateuliwe kusimamia mali, na atakayeteuliwa atalipa ada, ataweka dhamana na kupeleka taarifa ya hesabu kila mwaka. Huku ankara za nyumba ya wazee hazingoji. Kwa kiwango cha England kilichowekwa 2010, mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hugharimia matunzo yake mwenyewe. Nyumba yake haihesabiwi kwa wiki 12 za mwanzo, wala haihesabiwi ikiwa mume au mke wake bado anaishi humo.

Mwakilishi aweke pesa za mzee mbali na zake na atunze risiti. Zawadi atoe kwa kiasi, katika nyakati za desturi kama harusi, kuzaliwa mtoto au sikukuu. Kuandika nyumba kwa jina lake mwenyewe hakuruhusiwi, hata ndugu wote wakikubali, mpaka mahakama itoe idhini.

Tusimwite msimamizi, neno ambalo wengi wetu tumelizoea kwenye mirathi. Msimamizi wa mirathi huanza kazi mtu akishafariki. Mwakilishi, saa hiyo hiyo, madaraka yake yamekwisha, na hata hundi ya gharama za mazishi hana ruhusa ya kuisaini kwa hati ile.