elektrodi ya muundonano

elektrodi ya muundonano nm [i-/zi-] (wingi: *elektrodi za muundonano*). Elektrodi ambayo dutu yake imeundwa kwa chembe, nyuzi au vitundu vyenye angalau kipimo kimoja kisichozidi nanomita 100 hivi. Nanomita 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita.

Matumizi. Istilahi hii hutumika hasa katika maelezo ya betri na kapasita ndogo, kama zile za vihisio. Mfasiri azingatie kwamba *nano* hueleza muundo wa ndani, si ukubwa wa elektrodi yenyewe. Kwa hiyo *elektrodi ndogo sana* si tafsiri sahihi: elektrodi pana kama kiganja yaweza kuwa ya muundonano, na elektrodi ya betri ya saa yaweza isiwe. Kifaa kidogo hunufaika na muundo huo kwa sababu huongeza eneo la uso bila kuongeza nafasi, na hufupisha njia ya ioni. Hata hivyo, uso mpana huzidisha pia mimenyuko isiyotakiwa kati ya elektrodi na elektroliti.

Mfano wa silikoni. Gramu 1 ya grafiti huweza kuhifadhi chaji ya takribani miliampea-saa 372. Silikoni huhifadhi karibu mara kumi ya hiyo. Lakini silikoni inapopokea lithiamu, ujazo wake hukua hadi karibu mara nne, nayo hupasuka. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kuwa nyuzinano za silikoni huweza kuvimba bila kuvunjika, kwa kuwa zina nafasi baina yake.

Tanbihi za lugha.
1. *Kuvimba* hufaa hapa kuliko *kutanuka*, kwani katika fizikia ya shuleni *kutanuka* huhusishwa zaidi na joto.
2. *Silikoni* ya elementi isichanganywe na *silikoni* ya mpira laini. Muktadha usipotosha, andika *elementi ya silikoni*.
3. Betri inapochajiwa, anodi na kathodi hubadilishana nafasi. *Elektrodi hasi* na *elektrodi chanya* huondoa utata.

Sentensi. *Elektrodi hasi za muundonano zimevimba, lakini hazikupasuka.*

Taz. pia: anodi, elektroliti, ioni, kapasita, kathodi, nanomita.