Baada ya Mvua: Habari za Njaa ya Turkana



Wahenga walisema, Akiba haiozi. Mturkana naye anayo akiba yake, ila haiweki ghalani. Humpa rafiki wa mbali mbuzi au ngamia, ili siku ya shida aende kwake akaombe. Desturi hii imewaokoa wengi. Lakini ukame ukishika nchi nzima, aombaye na aombwaye huwa maskini pamoja.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1960 na 1961. Mifugo ilikufa, na serikali ikafungua kambi za posho. Watu wasiobakiwa na mnyama hata mmoja walipelekwa ukingoni mwa ziwa, ambalo wakati huo liliitwa Rudolf, wakafundishwa kuvua samaki. Mwisho wa mwaka 1961 mvua kubwa ilinyesha, hata ikaleta mafuriko Kenya nzima. Nyasi ziliota, lakini nyasi zamfaa nini asiye na mbuzi? Wengi walibaki pale pale ziwani.

Njaa ilirudi kati ya mwaka 1979 na 1981, pamoja na maradhi ya mifugo na uvamizi. Posho ilitolewa tena, na wenye nguvu walifanya kazi wakalipwa chakula. Mwaka 1981 kiwanda cha kugandisha samaki, kilichojengwa Kalokol kwa msaada wa Norway, kilikamilika. Lakini gharama za baridi zilishinda faida, na kiwanda kikasimama. Kisha, katika miaka ile ile ya 1980, maji yaliihama ghuba iliyokuwa na samaki wengi.

Hata hivyo, wako wavuvi waliotumia fedha za samaki kununua mbuzi, wakarudi ufugaji. Shirika la Oxfam nalo liliwapa baadhi ya jamaa mbuzi na kondoo, ili waanze upya.

Historia hii yatufundisha mambo mawili. Kwanza, posho huokoa roho, wala asiidharau mtu. Lakini haimrudishi mtu kwake. Pili, mwenye kusaidiwa aulizwe alikuwa akiishije kabla ya msiba, maana yeye ndiye aijuaye njia ya kurudi.

Basi tunapochanga kwa ajili ya wenye njaa, tusifunge mfuko siku mvua inyeshapo. Siku hiyo ndipo kazi ya pili ianzapo.