Mjukuu wa Karani

Novemba 3, 2023, Mfalme Charles III aliagwa kwenye Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, wadi ya Airport, Changamwe, baada ya ziara ya siku nne nchini Kenya. Siku iliyotangulia alikuwa Mtongwe, upande wa Likoni, akitazama wanamaji wa Kenya waliofunzwa na wenzao wa Uingereza wakionyesha mbinu za kuvamia ufuo. Kabla ya kushuka pwani alikuwa amezungumzia maovu ya wakoloni kwa masikitiko na majuto makubwa, lakini radhi hakuomba. Lawama zikamwangukia yeye. Ila mfalme wa Uingereza hatamki jambo zito kama hilo bila ridhaa ya serikali yake, na serikali ya siku hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake akazaliwa Tanganyika.

Mtu huyo ni Rishi Sunak. Kwao London aliandikwa sana kama mwanabenki aliyeingia siasa, tajiri asiyejua bei ya mkate. Si uongo. Lakini anayeitazama safari yake kutoka huku Changamwe huona kwanza ukoo wa makarani.

Babu yake mzaa baba, Ramdas Sunak, aliiacha Gujranwala, mji wa Punjab ambao leo uko Pakistan, mwaka 1935 akaja Nairobi kufanya kazi ya ukarani. Njia ya Mhindi wa wakati ule ilijulikana: meli hadi Kilindini, kisha gari la moshi likivuka Makupa, likapita Changamwe na kupanda bara. Mkewe, Suhag Rani, alimfuata mwaka 1937. Mtoto wao Yashvir alizaliwa mwaka 1949. Babu mzaa mama, Raghubir Berry, alikuwa mtu wa reli huko Tanganyika.

Mwaka 1966 ndio ulioamua kila kitu. Yashvir alikwenda Uingereza, akasomea udaktari Liverpool. Mwaka huohuo Sraksha, mke wa Berry, aliuza vito vyake vya harusi akanunua tiketi ya kwenda tu, akapanda ndege peke yake. Alipata kazi Leicester ya kuandika vitabu vya hesabu katika ofisi ya madalali wa nyumba, akaweka akiba karibu mwaka mzima ndipo mumewe na watoto wakamfuata. Berry naye akaajiriwa na idara ya kodi ya Uingereza, na mwaka 1988 akatunukiwa nishani ya MBE.

Waliwahi. Kenya ilipopata uhuru, watu wa asili ya Asia walipewa miaka miwili kuomba uraia, na wengi wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 Bunge la Nairobi likapitisha sheria ya uhamiaji iliyowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, na nyingine ya leseni za biashara. Waziri wa Mambo ya Ndani, aliyekuwa pia Makamu wa Rais, alikuwa Daniel arap Moi, yuleyule ambaye jina lake leo limeandikwa kwenye uwanja wetu. Watu wakakimbilia ndege. London ikashtuka: mwanzoni mwa 1968 serikali ya Labour ilipitisha kwa siku tatu sheria iliyowafungia mlango wenye pasipoti zake yenyewe, isipokuwa aliyekuwa na mzazi au babu wa kule. Waliobaki waliwekewa kiwango cha vibali 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Aliyeondoka 1966 alikuwa Mwingereza aliyehama; wa Aprili 1968, mwenye pasipoti ya rangi ileile, alikuwa mtu wa kungoja foleni.

Rishi alizaliwa Southampton, Mei 12, 1980. Mama yake, Usha, alikuwa na duka la dawa, na kijana alimsaidia kuweka hesabu. Akasoma Winchester, kisha Oxford, na mwaka 2001 akaingia benki ya Goldman Sachs kama mchambuzi. Alitoka mwaka 2004 akaenda Stanford, kisha akawa mshirika katika TCI, kampuni ya uwekezaji iliyoishinikiza benki ya ABN Amro ya Uholanzi ijiuze. Walioinunua ni pamoja na RBS ya Scotland, na mzigo huo ulichangia kuiangusha hata serikali ikamwaga pauni bilioni 45 kuiokoa. Wapinzani wake hawakuisahau habari hiyo.

Siasa ilimpeleka mbio. Mbunge wa Richmond, Yorkshire, mwaka 2015. Waziri wa Fedha Februari 2020, akimrithi Sajid Javid, mwanabenki mwingine. Wiki chache baadaye janga la korona likamlazimisha kulipa asilimia 80 ya mishahara ya watu waliokaa nyumbani, hadi pauni 2,500 kwa mwezi. Mhafidhina aliyegawa fedha za umma namna hiyo hajawahi kuonekana, na wananchi wakampenda. Mapenzi yalipoa Aprili 2022 ilipofichuka kwamba mkewe, binti wa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Infosys, hakuwa akilipa kodi ya Uingereza kwa mapato yake ya nje. Jambo halikuwa kinyume cha sheria. Lakini mjukuu wa mtumishi wa kodi!

Oktoba 25, 2022 akawa Waziri Mkuu, baada ya Liz Truss kuvuruga soko la fedha kwa bajeti moja. Alirithi mpango wa kuwapeleka Rwanda kwa ndege waomba hifadhi wanaoingia kwa mashua. Aliyeutangaza ni waziri Priti Patel, ambaye wazazi wake walitoka Uganda. Aliyeushika baadaye ni Suella Braverman, ambaye baba yake aliondoka Kenya mwaka huohuo wa 1968. Watetezi wao husema familia zile ziliingia kihalali. Ni kweli, lakini uhalali wenyewe ulikuwa suala la tarehe kwenye tiketi.

Siku 12 baada ya mfalme kuondoka Changamwe, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliuharamisha mpango huo. Sunak akatunga sheria mpya ya kuitangaza Rwanda kuwa nchi salama, ikaidhinishwa Aprili 2024. Walikwenda watu wanne kwa hiari yao. Aliyelazimishwa, hakuna hata mmoja. Katika uchaguzi wa Julai 4 chama chake kilibaki na viti 121, na Waziri Mkuu mpya, Keir Starmer, akaufuta mpango huo papo hapo.

Julai 2025 Sunak alirudi Goldman Sachs kama mshauri mwandamizi. Mshahara wake alisema utakwenda kwa shirika aliloanzisha na mkewe, la kuwasaidia Waingereza wasiogope hesabu.