Mtoto Aliyebemendwa

Katika vijiji vya Kibiti na visiwa vya delta ya Rufiji, mtoto akidhoofu, akaharisha bila kukoma, bibi zake hawataji VVU. Wanasema amebemendwa: baba au mama katoka nje ya ndoa mtoto angali ananyonya. Neno hilo ni ugonjwa na ni hukumu papo hapo. Na mara nyingi anayelisikia wa kwanza ni mganga, siyo nesi.

Serikali zimemtazama mganga kwa jicho baya muda mrefu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya Vita vya Maji Maji, Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Waingereza wakaleta sheria ya uchawi mwaka 1928, na hadi leo ipo vitabuni. Mwaka 1974 Muhimbili ikaanza kuchunguza mizizi na majani yake, na mwaka 2002 Bunge likatunga sheria ya tiba asili. Kwa maoni yangu, hapo tulichukua dawa tukaacha masikio. Mganga anajua siri za nyumba ambazo daftari la kliniki halina.

Tanga waliliona hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waganga na madaktari wa huko walianza kuhudumia wagonjwa wa UKIMWI kwa pamoja, na hapo ndipo ilipozaliwa Tanga AIDS Working Group.

Kwa watoto, muda ndiyo kila kitu. Kipimo cha kawaida hakimfai mtoto wa chini ya miezi 18, maana kinasoma kinga aliyorithi kwa mama. Inabidi achomwe kisigino, matone ya damu yakaushwe kwenye karatasi, yapelekwe maabara. Wasiotibiwa, karibu nusu hufa kabla ya miaka miwili. Sasa mtu wa kisiwani, anayesubiri maji yajae ndipo mtumbwi uondoke, akizunguka miezi mitatu kwa waganga, mtoto ndiyo basi tena.

Mganga akisema, "Mpelekeni kwanza akapimwe, mimi nipo," watakwenda. Ila tusijidanganye: kumpima mtoto ni kumpima mama, na kijiji kina macho. Kliniki humwona mama peke yake, kisha lawama zote zinamwangukia yeye. Kubemenda, pamoja na ubaya wake wote, hakumwachi baba. Mganga anaweza kumwita, na baba akaja.