Kisiwa Kinachopitisha Mizigo Yetu: Historia Fupi ya Usafiri wa Mombasa

Mjomba wangu aliendesha lori la masafa marefu kwa miaka mingi. Tulipokuwa watoto mjini Tororo, alipita nyumbani akitoka Mombasa, akalala usiku mmoja tu, kisha akaendelea na safari ya Kampala. Sisi tulimwuliza habari za bahari. Yeye alitusimulia habari za foleni. Alisema kwamba kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100, lakini zilizomchosha hasa ni zile chache za mwisho, kuanzia Changamwe hadi lango la bandari. Huko aliwahi kulala ndani ya lori bila kusogea hatua moja.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba foleni ya Mombasa ni taabu ya madereva wetu peke yao. Kisha nikaenda mwenyewe, pamoja na wanafunzi wenzangu wa Kiswahili. Jioni moja matatu yetu ilikwama kati ya matrela mawili karibu na Makupa. Mama aliyeketi kando yangu, mwenye kikapu cha samaki mapajani, aliniuliza natoka wapi. Nikamjibu kwamba natoka Uganda. Akacheka, akasema, "Basi mwanangu, malori haya ni yenu."

Insha hii ni jibu langu kwa mama yule. Nimesoma historia ya usafiri wa Mombasa ili nijue kama alisema kweli, na nimeona kwamba alisema kweli. Kwa zaidi ya miaka 120, njia kubwa za kisiwa hicho zimejengwa kwanza kwa ajili ya mzigo unaopita kwenda bara. Mkaazi anayekwenda kazini amepata kilichobaki.

Kwanza tukitazame kisiwa chenyewe. Mombasa, ambayo wenyewe huiita pia Mvita, ina eneo la takriban kilomita za mraba 14 tu. Upande wa mashariki uko Mji wa Kale, pamoja na Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, na bandari ya zamani ya majahazi. Upande wa magharibi iko Kilindini, na jina lenyewe linatueleza kwamba maji yake ni ya kina. Kwa karne nyingi mji huu haukuwa na gari lolote. Mizigo ilibebwa na mahamali, na vichochoro vya Mji wa Kale vilitosha kabisa kwa mtu na punda wake. Waliokwenda bara walikwenda kwa misafara. Husimuliwa kwamba wapagazi walikusanyika chini ya mwembe mmoja kabla ya kuondoka, ndipo mahali hapo pakaitwa Mwembe Tayari. Miaka mingi baadaye, mabasi ya kwenda Nairobi na Kampala nayo yalikata tiketi na kupakia abiria papo hapo.

Mabadiliko makubwa yalikuja na reli. Mwaka wa 1895 Waingereza walitangaza himaya yao katika Afrika Mashariki, na mwaka wa 1896 walianza kujenga reli kutoka Mombasa. Reli hiyo iliitwa Reli ya Uganda, ingawa ilipofika ziwani Kisumu mwezi wa Desemba 1901 ilikuwa bado haijaingia katika Uganda ya leo. Jina hilo lina maana kubwa katika hoja yangu. Reli ilianzia Mombasa lakini haikujengwa kwa ajili ya Mombasa. Shabaha yake ilikuwa bara. Ili treni itoke kisiwani, lilijengwa daraja la mbao pale Makupa, kisha daraja la chuma lililopewa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Kwa hiyo daraja la kwanza kubwa la kuunganisha kisiwa na bara lilijengwa kwa ajili ya treni.

Je, watu wa mjini walisafirije wakati huo? Jibu lake ni la kushangaza. Kampuni ya Kiingereza iliyotangulia serikali ya kikoloni ilikuwa imejaribu kujenga reli ndogo mwaka wa 1890, ikashindwa baada ya maili chache. Vyuma vyake vikang'olewa na kutandikwa katika barabara za Mombasa, na juu yake yakapitishwa matoroli. Toroli lilikuwa na kiti na kivuli cha turubai, bila injini wala mnyama wa kulivuta. Lilisukumwa na wanaume wa Kiafrika waliokimbia nyuma yake juani, huku maofisa na matajiri wameketi kivulini. Reli hizi ndogo ziliunganisha Mji wa Kale na Kilindini hadi miaka ya 1920, magari yalipozidi kuwa mengi. Mtu wa kawaida aliendelea kutembea kwa miguu, au alilisukuma toroli la mwenzake. Naona kwamba mpangilio huo haukuisha toroli lilipoondolewa.

Mwaka wa 1926 gati za maji ya kina zilifunguliwa Kilindini, na meli kubwa zikaweza kuegesha na kupakua moja kwa moja. Kahawa na pamba ya Uganda ilitokea hapo, na bidhaa za viwandani ziliingilia hapo. Baadaye bandari ilipanuka hadi ng'ambo ya maji, upande wa Kipevu, ambako makontena mengi hushughulikiwa siku hizi. Hata hivyo barabara ya kuendea huko ni ileile ambayo watu wa kisiwani huitumia kwenda Changamwe, uwanja wa ndege na Nairobi.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, kisiwa kilikuwa na milango mitatu tu ya magari. Wa magharibi ulikuwa Makupa, ambako daraja la chuma liliondolewa na mkondo wa bahari ukajazwa mawe na udongo, ikawa barabara ya nchi kavu. Wa kaskazini ulikuwa Nyali, ambako mwaka wa 1931 liliwekwa daraja la kuelea, na aliyevuka alilipa ushuru. Daraja imara la sasa lilifunguliwa mwaka wa 1980. Wa kusini ulikuwa Likoni, ambako kivuko cha feri kimekuwapo tangu 1937. Nyumba ya milango mitatu si mbaya, lakini sharti tukumbuke kwamba mlango mmoja kati ya hiyo unaelea, na mwingine umejaa malori.

Baada ya uhuru wa 1963, mji ulikua upesi. Kisiwa kilijaa na kodi za nyumba zikapanda, basi watu wakahamia Likoni, Kisauni na Changamwe, huku kazi nyingi zikibaki kisiwani na bandarini. Kila alfajiri maelfu waliingia kisiwani, na kila jioni wakatoka. Mabasi makubwa ya Kenya Bus Services yalihudumia Nairobi na Mombasa, lakini hayakutosheleza mahitaji. Pengo likazibwa na matatu, magari madogo ya watu binafsi yaliyopata jina lake kutokana na nauli ya senti thelathini, yaani mapeni matatu ya senti kumi. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu. Wananchi walifurahi kwa sababu walipata usafiri na ajira. Lakini tuone pia upande wake wa pili: serikali ilijenga gati na kusimamia reli, ila usafiri wa abiria iliuacha mikononi mwa kila mwenye gari, dereva na manamba wake. Gari la watu 14 lilifanya kazi ya basi la watu 60, na barabara za kisiwa hazikuongezeka.

Wakati huohuo reli nayo ilianza kudhoofika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, shirika la reli la pamoja liligawanywa, na kila nchi ikabaki na kipande chake. Mabehewa yalichakaa, safari zikachelewa, na wafanyabiashara wa Kampala, Kigali na Bujumbura wakahamia kwenye malori. Mzigo uliobebwa na treni moja sasa ulihitaji malori mengi, na yote yalipita njia moja na matatu za Changamwe. Kwa hiyo tunapouliza malori ya Mombasa yalitoka wapi, sehemu moja ya jibu ni ugomvi wa nchi zetu wenyewe. Watu wa kisiwani hawakuuanzisha ugomvi huo, lakini waliulipia kwa saa zao.

Nasi wa bara tuna hofu yetu, nayo si ya uongo. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara nchini Kenya na reli ikang'olewa Kibera, mafuta yaliadimika Uganda na bei yake ikapaa. Wazazi wetu bado wanakumbuka. Ndiyo maana kila mipango ya Mombasa inapozungumzwa, sauti ya mzigo huwa kubwa: ukisimama, nchi kadhaa husimama. Abiria akisimama, ni yeye na mwajiri wake tu wanaojua.

Kuna siku, hata hivyo, ambayo abiria wa Mombasa walisikika kote, nayo ilikuwa siku ya msiba. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo ikiwa imejaa kupita kiasi. Watu 272 walikufa. Wengi wao walikuwa wakienda kazini kisiwani. Huduma ya Mtongwe ilisimamishwa kwa miaka mingi, na umati wake ukasukumwa Likoni, kwenye kivuko ambacho tayari kilikuwa kimelemewa. Siku hizi inasemekana kwamba watu takriban 300,000 huvuka Likoni kila siku. Mtembea kwa miguu hatozwi nauli, na hilo ni jambo jema. Lakini nilipovuka mimi, nilisimama juani pamoja na wanafunzi, wachuuzi na wagonjwa, tukingoja meli kubwa ipite ndipo feri iondoke. Nauli hatukulipa, tulilipa muda.

Mwaka wa 2017 reli mpya ya kisasa ilifunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi. Wengi walitarajia kwamba malori yatapungua. Kituo chake cha abiria kilijengwa Miritini, nje ya kisiwa, hivyo msafiri aliyeshuka huko ilimbidi atafute matatu ya kumfikisha mjini. Kisha ikatolewa amri kwamba makontena ya bara yasafirishwe kwa reli hiyo. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitegemea. Mwaka wa 2019 watu wa Mombasa waliandamana kuipinga amri hiyo! Wenye gereji, mama lishe, madereva, matingo na walinzi wa maegesho walisema kwamba lori likiondoka linaondoka na sahani yao. Mwezi wa Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto aliagiza shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa.

Tukio hili lilinizuia kuandika hitimisho rahisi. Nilikuwa tayari kusema kwamba malori ni adui wa kisiwa, lakini lori linaloziba njia ya mama wa samaki ndilo linalomlisha jirani yake, na ndilo lililonilipia karo mimi kupitia kwa mjomba. Tatizo ni kwamba kila uamuzi mkubwa, wa kuleta malori au kuyaondoa, ulitolewa mbali na stendi ya matatu, na anayeishi kisiwani akaarifiwa baadaye.

Miaka ya karibuni ina dalili njema. Barabara ya Dongo Kundu, iliyoanza kutumika kwa vipande kuanzia 2018, inaunganisha pwani ya kusini na bara bila kupita kisiwani. Mwaka wa 2022 daraja jipya la Makupa lilifunguliwa, na maji ya bahari yakaanza kupita tena mahali yalipozibwa kwa miongo mingi. Mwishoni mwa 2020 liliwekwa daraja la kuelea la Liwatoni, kwa ajili ya watembea kwa miguu pekee. Nililifurahia sana niliposoma habari zake, maana hatimaye lilijengwa daraja kwa ajili ya mtu asiye na gari wala mzigo. Lakini hata hilo ilibidi lifunguliwe katikati kila meli ilipotaka kupita, na watu wakangoja.

Sisemi kwamba meli zizuiwe. Nasema kwamba saa za watu zihesabiwe kama makontena yanavyohesabiwa. Ikiwa nchi zetu zinaweza kukubaliana kuhusu ushuru wa forodha na uzito wa matrela, zinaweza pia kukubaliana kuhusu maegesho ya malori nje ya mji, saa za malori kupita na saa za matatu, na mabasi makubwa yatakayopunguza wingi wa magari madogo barabarani. Mada hizo si za Mombasa peke yake. Sukari iliyomo katika chai yangu hapa chuoni na mafuta ya bodaboda iliyonileta darasani huenda vyote vilipita mbele ya matatu ya mtu aliyechelewa kazini.

Jioni ile pale Makupa sikujua la kumjibu mama yule, nikacheka tu pamoja naye. Leo ningemjibu hivi: Naam, mama, malori ni yetu. Na foleni pia ni yetu.