Debe Tupu na Sailensa ya Gari

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Juma lililopita niliuona usemi huo ukitimizwa kwa fedha taslimu. Kijana wa jirani yangu alilipeleka gari lake kwenye gereji ya chini ya mwembe. Fundi akaipasua sailensa, akatoa matumbo yote ya ndani, kisha akaichomelea tena. Kwa nje ni ileile; kwa ndani ni debe. Alfajiri alipoliwasha, mtaa mzima uliamka, na mtoto mchanga wa nyumba ya tatu akaanza kulia.

Jioni tulikutana. "Shikamoo, baba mdogo." Nikaitikia marahaba, nikamwuliza kulikoni.

"Sasa injini inapumua," akasema. "Ilikuwa imezibwa pumzi."

Jibu hilo si geni. Lina umri mkubwa kuliko babu yake, na leo napenda tulifuate lilikotoka.

Injini ya petroli huenda kwa milipuko, na moshi hutoka katika silinda kwa kishindo. Mwaka 1897, ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves, wa mji wa Columbus katika jimbo la Indiana, walipewa hati ya uvumbuzi wa chombo cha kupunguza kishindo hicho. Sailensa ya kawaida tunayoijua leo ina vyumba na mabomba yenye matundu. Mawimbi ya sauti yakiingia humo hurudishwa nyuma, yakagongana na kupunguzana nguvu, hata nje ukatoka mngurumo mdogo tu.

Lakini njia hiyo yenye kona huuchelewesha moshi kidogo, na injini za zamani zilikuwa dhaifu. Kwa hiyo magari mengi ya Marekani ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa na kilango kwenye bomba, kabla ya sailensa. Dereva akifika mlimani alikifungua, moshi ukatoka moja kwa moja. Hiyo ndiyo asili ya hoja ya kupumua. Tatizo ni kwamba madereva walikifungua hata penye tambarare, katikati ya mji, ili watazamwe. Miji kadhaa ikapiga marufuku.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wa California waliunda upya magari makuukuu na kuyafunga bomba moja lililonyooka, lenye matundu, lililozungushiwa nyuzi za kioo. Sauti yake nzito ikawa fahari ya ujana. Kwetu Afrika Mashariki nako, mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Watoto waliojipanga kando ya barabara walijifunza kwamba gari la mashindano husikika kabla halijaonekana. Wasichokiona ni kwamba gari lile limetengenezwa upya injini nzima. Ukiondoa matumbo ya sailensa peke yake katika gari la kawaida, nguvu inayoongezeka ni kidogo mno. Na mahali palipochomelewa vibaya pakivuja, gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, yaweza kuingia ndani ya gari na kuua.

Kuna kisa kingine. Hiram Maxim ndiye aliyevumbua bunduki ile ambayo wazee wetu waliiita bombomu, iliyotumiwa na wakoloni kuwafyeka Waafrika. Kishindo cha silaha zake mwenyewe kilimharibu masikio, akazeeka akiwa kiziwi. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, akashika njia nyingine: mwaka 1909 alipewa hati ya uvumbuzi wa sailensa ya bunduki, na baadaye kampuni yake ikatengeneza sailensa za injini. Baba alileta kishindo, mwana akakizima. Sisemi kwamba bunduki isiyosikika ni baraka. Nasema mwana anaweza kuijua thamani ya sikio kwa kumtazama baba yake.

Kisa hicho ndicho nilichomsimulia kijana yule, na nilikuwa na sababu. Baba yake alifanya kazi miaka 30 katika kiwanda cha nguo, katikati ya mitambo ya kufumia, bila kitu cha kuziba masikio. Wataalamu wa afya kazini huonya kuwa desibeli 85 kwa saa nane kila siku zatosha kuharibu usikivu polepole, na usikivu wa namna hiyo ukipotea haurudi. Leo mzee huyo ananiambia kwamba jioni ninapozungumza redioni, huiweka redio shavuni, na bado hupata maneno nusunusu.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kidogo, akasema: "Lakini baba mdogo, mtaani pote ni mzee wangu peke yake ambaye hajalalamika."

Nilikosa la kusema, nami kazi yangu ni kusema. Naye kicheko kilimtoka; akainama kuutazama ufunguo mkononi mwake. Asubuhi iliyofuata gari halikuwashwa uani. Nilichungulia dirishani, nikamwona yeye na rafiki yake wakilisukuma kimyakimya hadi barabara kuu.

Sailensa bado ni debe. Lakini nadhani sikio limeanza kufanya kazi.