Nyongo ya Mfalme, Chungu cha Mbwa

Wachina wana nahau wanazoziita chengyu. Nyingi ni za maneno manne tu, na mara kwa mara nyuma ya maneno hayo husimama kisa cha kale: msemaji hutaja manne, msikilizaji hukumbuka kisa kizima. Miongoni mwa zile zinazohusu dhiki, mojawapo iliyo mashuhuri zaidi ni wo xin chang dan, yaani kulalia kuni na kuonja nyongo. Husifiwa kwayo mtu aliyejitesa kwa hiari ili asiisahau fedheha yake mpaka ailipe.

Kisa ni cha Goujian, mfalme wa Yue, dola iliyokuwa pande za mji wa leo wa Shaoxing. Mwaka 494 KK alishindwa na Fuchai, mfalme wa Wu, akakimbilia mlima Kuaiji na askari 5,000 waliosalia. Waliomwokoa ni washauri wake wawili. Wen Zhong alikwenda kuomba amani, akamhonga waziri wa Wu. Fan Li akakubali kukaa kwa adui awe dhamana. Sima Qian, aliyeandika tarehe yake karibu miaka 400 baadaye, asimulia kwamba Goujian aliporudi kwake alitundika nyongo karibu na kiti chake, akawa akiionja kila alapo. Alilima kwa mikono yake, na mkewe akafuma nguo. Mwaka 473 KK Wu iliangamizwa, na Fuchai akajiua.

Msomaji atagundua kwamba kuni hazimo. Sima Qian ataja nyongo peke yake. Mambo hayo mawili yaliunganishwa zaidi ya miaka 1,000 baadaye, katika enzi ya Song. Na mwandishi Su Shi alipoyatumia pamoja, hakuwa akimzungumzia Goujian. Dhiki ya mfalme ilizidi kukua kadiri miaka ilivyozidi kulipita kaburi lake.

Lakini kisa hicho hicho ndicho kinachotajwa kwa nahau nyingine, isiyopendwa sana na watawala. Baada ya ushindi Fan Li aliondoka kimyakimya. Akiwa ugenini alimwandikia mwenzake kumwonya kwamba Goujian ni mtu wa kushirikiana naye katika shida, si katika neema. Sungura akishakufa, mbwa wa mwindo hupikwa: tu si gou peng. Wen Zhong alijifanya mgonjwa, akaacha kwenda barazani. Wasengenyaji wakasema anapanga uasi. Mfalme akampelekea upanga, naye akajiua kwa upanga huo. Mwaka 201 KK jemadari Han Xin, aliyempigania Liu Bang hadi akaitwaa China yote, aliyarudia maneno hayo siku aliyokamatwa. Miaka mitano baadaye aliuawa.

Sisi pia tuna subira yavuta heri, na tuna asante ya punda ni mateke. Ila methali zetu hizo hazikubeba majina ya watu, kwa hiyo hakuna anayezidhania kuwa ndugu. Za Wachina zatoka nyumba moja. Aliyeonja nyongo ndiye aliyempika mbwa.

Hata hivyo, mmoja wa ndugu hao hupewa jukwaa kuliko mwenzake. Mwaka 1960 na 1961, njaa kubwa ilipokuwa ikiitesa China, kisa cha Goujian kiliigizwa sehemu nyingi za nchi, na Cao Yu, mwandishi mkubwa wa tamthilia, akatunga pamoja na wenzake mchezo juu yake. Watu wenye njaa walionyeshwa mfalme mvumilivu. Uvumilivu wake ulikuwa wa kweli, wala sikusudii kuubeza. Lakini nyongo aliitundika mwenyewe, na angeweza kuitungua siku yoyote. Wen Zhong hakuuchagua upanga. Anayeambiwa leo aonje nyongo kwa ajili ya ushindi wa kesho ana haki ya kuuliza Wen Zhong aliishia wapi.